Kiburi Hakikai Kwenye Marinda

Ustadh mmoja wa mtaani kwetu hapa Mombasa aliwahi kuniambia, kwa upole lakini mbele ya wateja, kwamba fundi wa nguo za harusi anakula riziki ya israfu. Hoja yake ni nzito na siichezei. Nguo ni ya kusitiri mwili. Kila ushanga unaozidi hapo ni pesa aliyoikosa yatima. Wala si yeye wa kwanza kuisema. John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, aliwaandikia wafuasi wake nasaha juu ya mavazi mwaka 1760, na hata uzeeni alihubiri kwamba fedha inayomwagwa kwenye nguo za fahari imeibwa kwa Mungu na kwa maskini. Wanawake aliokuwa akiwaona wakipita walivaa hariri. Basi kesi hii naipeleka kwenye gauni la hariri la karne ya 18, maana sijui nguo iliyoshtakiwa kwa ubadhirifu kuliko hilo.

Nalitazama kifundi. Chukua lile lililotoka Ufaransa likaenea Ulaya, lenye marinda mapana mgongoni yanayoshuka kutoka mabegani hadi sakafuni bila kukatwa kiunoni. Sketi imetandazwa juu ya fremu zilizofungwa nyongani. Mbele gauni liko wazi, linaonyesha sketi ya pili, na kifuani pana kipande cha pembetatu kinachobanwa kwa pini kila linapovaliwa. Kwa mbali ni majivuno matupu. Ligeuze ndani, utakuta adabu. Hariri za wakati ule zilikuwa na upana wa nusu mita hivi, na gauni pamoja na sketi yake lilikula zaidi ya mita 10. Fundi alitumia upana mzima wa jora, ukingo kwa ukingo, akikunja pale ambapo mimi ningekata. Marinda yale ya mgongoni ni akiba ya kitambaa. Kinachoshika mwili ni bitana la kitani, lenye kamba za kukazia zilizofichwa chini ya marinda. Mishono mirefu imepigwa kwa mkono, kwa hatua kubwa kubwa zinazokaribia bandi, ili mwenyewe akinenepa, au gauni likimwendea binti yake, lifumuliwe na kushonwa upya. Magauni mengi yaliyomo katika makumbusho leo bado yana matundu ya mishono ya kwanza.

Mapambo nayo yalifuata njia hiyo. Utepe mpana unaojipinda huku na huku kwenye kingo za mbele ni hariri ileile ya gauni, mara nyingi vipande vifupi vilivyoungwa. Kingo zake zilikatwa meno kwa patasi ya chuma iliyogongwa nyundo, zisichanike nyuzi, kisha utepe ukakusanywa na kushikizwa kwa mishono michache. Siku mtindo ukipita, unabanduliwa, na hariri iliyo chini ni nzima. Fundi aliogopa mkasi kwa sababu moja ya wazi: hariri ilikuwa ghali sana, na ujira wa kushona ulikuwa sehemu ndogo tu ya bei yake.

Basi dhambi iko wapi? Si kwenye maua yanayoipamba hariri. Katika Spitalfields, mtaa wa wafumaji mashariki mwa London, aliishi Anna Maria Garthwaite, binti wa kasisi, aliyefariki mwaka 1763. Huyu alichora kwa rangi za maji maua yaliyofumwa kwenye hariri hizo. Mamia ya michoro yake yapo katika Makumbusho ya Victoria and Albert, na mingi imeandikwa tarehe na jina la mfumaji aliyeuziwa. Mtoto wa nyumba ya ibada alikula riziki yake kwa kuyatazama maua ya Mungu kwa makini. Sithubutu kuiita kazi hiyo anasa.

Wako waliotetea anasa kwa jeuri zaidi. Bernard Mandeville, tabibu Mholanzi aliyeishi London, alichapisha mwaka 1714 kitabu chake cha hadithi ya nyuki, akidai kwamba majivuno ya matajiri ndiyo yanayowapa maskini kazi: acha kuvaa hariri, umuue mfumaji kwa njaa. Hoja hii naisikia hata leo, na ndiyo ninayoichukia zaidi, kwa kuwa inamfanya mfumaji kisingizio. Spitalfields yenyewe inaikanusha. Mwaka 1765 wafumaji waliandamana kwa kukosa kazi, wakiilaumu hariri ya kigeni. Ugomvi wa ujira ukafuata, baadhi yao wakawa wanaingia usiku kukata hariri ikiwa bado kwenye mitambo ya kufumia, na Desemba 1769 wafumaji wawili, John Doyle na John Valloine, walinyongwa Bethnal Green kwa kosa hilo. Ni mwaka 1773 ndipo sheria ilipowapa mahakimu uwezo wa kupanga ujira wa wafumaji. Sasa linganisha: zama ambazo fundi alisita kukigusa kitambaa kwa mkasi ndizo zilizomnyonga aliyekikata kwa njaa. Kitambaa kilistahiwa kuliko mikono iliyokifuma.

Hapo ndipo dini yangu inaponipa kipimo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa kuhusu mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, hakumtia hatiani. Alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu anapenda uzuri, na kiburi akakiweka kwingine kabisa, katika kuikana haki na kuwatweza watu. Wesley alikuwa na haki ya kumkumbuka maskini aliye mlangoni. Lakini maskini mwingine alikuwa tayari amekaa ndani ya gauni, katika kila uzi, na hotuba ya kuvua hariri haikumwongezea hata senti.

Mizani imepinduka siku hizi. Kitambaa ni rahisi, mkasi hauogopwi, na gauni huvaliwa usiku mmoja likatupwa kabatini. Kitu kimoja hakijabadilika: mteja hununua lesi ya bei ya juu bila kusita, kisha akalia na kuapa tunapofika kwenye ujira wa msichana aliyeitia shanga.

Kwa hiyo bibi harusi anayetaka kujua kama gauni lake ni israfu, asiniulize limekula shanga ngapi. Aulize nani aliyezitia, amelipwa nini, na baada ya harusi litavaliwa na nani. Majibu hayo matatu yakinyooka, avae, na akipenda marinda aongeze.