Je, aliyepona saratani anadaiwa ushuhuda?

Katika vikundi vya kina mama kuna swali linalorudi mara kwa mara, nalo huulizwa kwa sauti ya chini. Mama aliyeugua saratani ya titi au ya mlango wa kizazi, akatibiwa, akapona, je, analazimika kuwaambia wenzake? Au ni siri yake, baina yake na Mungu na daktari wake? Wengi hujibu haraka kwamba ushuhuda ni deni. Mimi naona jibu hilo hutoka mdomoni kabla ya kufikiriwa.

Sisi wa kando ya ziwa, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, tumelelewa na neno moja la Kirundi, ibanga. Mtu wa ibanga ni mtu anayetunza siri. Mwanamke wa ibanga hasemi ya chumbani wala ya mwilini mwake, na akiumia huambiwa niko zubakwa, yaani ndivyo nyumba zinavyojengwa. Siidharau desturi hii kama wafanyavyo wageni wanaokuja na mabango siku moja kisha wakaondoka. Mtu aliyekimbia mwaka 1972, au 1993, au 2015, au aliyevuka ziwa kutoka Fizi mwezi wa Januari 2018 akashukia Rumonge, ameacha nyumba, ameacha michikichi yake, ameandikishwa jina na idadi ya watoto mbele ya watu. Analala nyuma ya turubai, na akikohoa jirani anasikia. Siri ya mwili wake huenda ndiyo mali pekee ambayo hakuna aliyeiorodhesha. Anayetaka aitoe na hiyo, na aombe kwa heshima.

Lakini wanaokijua Kirundi wanajua kwamba neno hilo lina uso wa pili. Amabanga ni majukumu, kazi aliyokabidhiwa mtu. Siri na dhamana zimelala ndani ya neno moja. Basi kumwita mama mtu wa ibanga si kusema tu kwamba amefunga mdomo, ni kusema pia kwamba amekabidhiwa kitu kwa ajili ya wengine.

Amekabidhiwa nini? Maarifa ambayo ugonjwa wenyewe hautoi. Saratani ya mlango wa kizazi huletwa, karibu kila mara, na kirusi kiitwacho HPV. Tangu kuambukizwa hadi saratani kawaida hupita miaka 10 hadi 20, ingawa kwa mwenye VVU asiyetibiwa inaweza kuwa 5 hadi 10. Miaka yote hiyo mama anapika, anaanika ndagala, anazaa, na haumwi kitu. Damu inapotoka nje ya siku zake, au baada ya kukutana na mumewe, au baada ya hedhi kukoma, mara nyingi ugonjwa umekwisha kwenda mbali. Titi nalo ni hivyo: uvimbe wa mwanzo aghalabu hauumi, na kisichouma hatukipeleki hospitali. Wakati ambapo kuokolewa ni rahisi, mwili umenyamaza. Nani aseme basi, kama si yule aliyepita huko?

Na kinachohitajika mara nyingi ni kidogo kuliko tunavyodhani. Muuguzi hupaka siki iliyopunguzwa nguvu kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Ikionekana mapema inaweza kugandishwa au kuchomwa kwa joto papo hapo, na mama akarudi nyumbani siku ileile. Huko Mumbai, India, utafiti uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kupima kwa siki kulipunguza vifo vya saratani hiyo kwa asilimia 31. Siki, ndugu zangu! Siku hizi kipo pia kipimo cha kirusi chenyewe, ambacho mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe faraghani.

Wapo waliosema. Mwezi wa Septemba 1974 Betty Ford, mke wa rais wa Marekani, aliondolewa titi kwa ajili ya saratani akakubali itangazwe wazi. Wanawake wakamiminika kupimwa, na wiki chache baadaye mmoja wao, mke wa Nelson Rockefeller aliyekuwa ameteuliwa kuwa makamu wa rais, akakutwa nayo. Huku kwetu, mwaka 2004 wanawake wa Uganda waliopona saratani ya titi walianzisha umoja wao, UWOCASO. Philippa Kibugu-Decuir, ambaye dada yake alifariki kwa saratani ya titi na yeye mwenyewe akapona, alianzisha shirika la kuwaelimisha wanawake wa Afrika Mashariki na kufanya kazi Rwanda. Kenya alikuwapo Mary Onyango, mmoja wa waanzilishi wa Kenya Breast Health Programme. Ugonjwa ulimchukua mwaka 2012, nami nalitaja hilo kwa makusudi, maana wengi hunyamaza wakiogopa kwamba ukirudi watu watacheka imani yao. Je, mama aliyepimwa kwa sababu ya maneno ya Mary aliokoka kidogo kwa kuwa Mary alifariki?

Utaniambia hao ni watu wenye majina na wenye nyumba. Ni kweli. Mama anayeuza mawese sokoni akisema aliugua huko chini, kesho wateja watakwenda meza ya pili. Wengine watasema amerogwa. Wengine, wakisikia kirusi hupitia ndoani, watamwita malaya, na hapa lazima tuseme wazi: HPV ni cha kawaida mno hata watu wengi waliowahi kukutana kimwili hukipata wakati fulani, na kinaweza kukaa miaka mingi bila dalili. Kuwa nacho si ushahidi wa uzinzi wa mtu yeyote. Mara nyingi haiwezekani kujua kilitoka kwa nani wala lini.

Mnakumbuka yule mwanamke katika Luka sura ya 8, aliyetokwa na damu miaka 12. Alikuwa amekwisha kupona alipoulizwa. Kwa nini basi aulizwe mbele ya umati? Nadhani jibu limesimama palepale kando yake: Yairo, ambaye binti yake wa miaka kama 12 alikuwa anakufa. Punde tu habari ya msiba ingemfikia, na ushuhuda wa yule mama ndio aliokuwa ameusikia muda huohuo. Lakini tazameni na hili. Yesu aliuliza ni nani, akangoja. Hakumnyoshea kidole. Mama alikuja mwenyewe, akitetemeka, akasema kwa mdomo wake.

Kwa hiyo mimi nasema deni lipo, ila mdai si kanisa. Mchungaji hana ruhusa ya kutangaza ugonjwa wa mtu madhabahuni ili watu waguswe, wala mume, wala mwenyekiti wa kina mama. Na deni si lazima lilipwe mbele ya watu mia tatu. Aliyeugua titi aanze na dada zake na binti zake, kwa sababu hatari yao ni kubwa kuliko ya wengine. Akimweleza jirani mmoja kisimani, amelipa.

Jambo moja tu sioni ruhusa ya kulipunguza: ukweli wote. Tumesikia shuhuda ambazo maombi yametajwa mara kumi, na hospitali haikutajwa hata mara moja. Mama alipasuliwa, akatundikiwa dawa, nywele zikamtoka, lakini akisimama anasema tu Bwana ameniponya. Bwana amemponya, amina. Ila yule aliyekaa benchi la nyuma akiwa na uvimbe ataondoka akidhani imetosha kufunga siku tatu. Ushuhuda wa namna hiyo ni afadhali usitolewe. Aliyepona aseme alianza kuona nini, alichelewa muda gani, alikwenda wapi, alifanyiwa nini, na ni nani alimpa nauli.

Tena liko la mabinti. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima Rwanda mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019, hasa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, nalo Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2022 kwamba hata dozi moja inaweza kutosha. Ulizeni kituo cha afya kilicho karibu nanyi kama inapatikana. Wazazi wengi huikataa kwa sababu ya uvumi kwamba inafunga kizazi, jambo ambalo si kweli. Mama aliyeugua na hataki kusimama kanisani anaweza kumweleza binti yake, njiani wakienda kuchanjwa, kwa nini anampeleka.