Sauti ya Kutosha Meza Moja

Spika ndogo ya Bluetooth, yaani ile inayopokea sauti kutoka kwenye simu kwa mawimbi ya redio bila kuhitaji waya, ni miongoni mwa vifaa vinavyovuka kutoka Nyamisati, bara, hadi Kilindoni, kisiwani Mafia, ndani ya mabegi ya wasafiri na maboksi ya wafanyabiashara. Kwa kuwa hununuliwa kwa haraka, mara nyingi mtu hurudi nyumbani na kifaa cha kuchezesha watu uani ilhali alichokihitaji ni cha kusikilizia mezani.

Karani wa ofisi, mwalimu anayesahihisha madaftari au mshonaji aliyeinamia cherehani kisiwani Mafia hutaka kusikia taarifa ya habari, mawaidha, kisomo cha Kurani, taarabu au mpira unaotangazwa, huku kifaa kikiwa mahali anapoweza kukifikia kwa mkono. Ukaribu huo hubadilisha hesabu yote, kwa sababu katika mahali pa wazi sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kila umbali unapoongezeka mara mbili, hivyo aliyeketi mita 4 kutoka kwenye spika angehitaji nguvu mara 64 ili asikie sawasawa na aliyeketi nusu mita. Wati zinazoandikwa kwa tarakimu kubwa juu ya boksi, ambazo ni kipimo cha nguvu ya umeme, hazimwambii mtu wa mezani jambo la maana; tena sikio lenyewe halifuati hesabu hiyo, kwa kuwa nguvu ikizidishwa mara 10 msikilizaji huhisi sauti imekua mara 2 hivi tu.

Kigezo chenye uzito ni jinsi spika inavyosikika ikiwa imepunguzwa. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kadiri ukali wa sauti unavyoshuka, ndivyo sikio la binadamu linavyopoteza usikivu wa besi upesi zaidi kuliko usikivu wa sauti za kati, na ndiyo maana wimbo ulioshiba sebuleni huonekana umekonda unapopigwa taratibu ofisini. Baadhi ya watengenezaji hulifidia pengo hilo kwa kuifanya spika iongeze besi yenyewe kila sauti inaposhushwa; wengine hawajishughulishi, pengine wakijua kwamba dukani hakuna anayejaribu spika kwa sauti ya chini. Muuzaji hufungulia wimbo wenye besi nzito, vioo vya kabati vikatetemeka, mnunuzi akatabasamu na kutoa pesa, na wote wawili wakawa wamedanganyana bila kukusudia.

Jaribio la haki ni sauti ya mtu peke yake, iwe ya msomaji wa Kurani au ya mtangazaji wa habari, ikipigwa kwa kiwango ambacho watu wawili wanaweza kuzungumza juu yake bila kupaza. Spika nzuri huyatoa maneno yote bila kumlazimisha msikilizaji akaze sikio, na herufi “s” haichomi. Besi isiwe shida kubwa, maana koni, yaani utando unaotikisa hewa, ikiwa na upana wa sentimita 4 au 5 haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti za chini kabisa, na sehemu ya besi inayosikika hukamilishwa na ubongo, unaoikisia sauti ya msingi kutokana na zile zilizo juu yake. Hata stereo, yaani sauti iliyogawanywa kushoto na kulia, haina faida kubwa ndani ya kifaa chenye urefu wa shubiri moja. Anayezipenda santuri ambazo mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alianza kuzirekodi Bombay mwaka 1928 hapotezi kitu kwa koni moja, kwa kuwa zilirekodiwa kwa njia moja ya sauti. Kipande cha mkeka chini ya spika huzuia mbao za meza zisivume, nacho ni rahisi kuliko spika ya pili.

Kununua spika ni kuamua pia ni watu wangapi watakaolazimika kusikiliza. Mahali ambapo madirisha huachwa wazi ili upepo upite, sauti nayo hupita, na ingawa Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, hakuna jirani muungwana anayesubiri kupimiwa desibeli ndipo apunguze.

Kisiwa kina mitihani yake pia. Alama ya IP67 humaanisha kwamba kifaa hakipenyezi vumbi, na kwamba kimestahimili kuzamishwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Lakini maji ya jaribio hilo hayana chumvi, ilhali upepo wa Mafia unayo, na huiacha kidogo kidogo ndani ya tundu la chaji hadi pini zikaliwa. Kifuniko cha mpira kinachobana tundu hilo kina thamani kuliko taa za rangi zinazocheza. Saa za betri nazo zina uzito wake katika kisiwa ambacho kwa miaka mingi kimetegemea mitambo ya dizeli badala ya gridi ya Taifa, ila saa zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwa sauti ya wastani, na joto hufupisha maisha ya betri ya lithiamu.

Betri hiyo ndiyo hufa mwanzo, mara nyingi koni ikiwa bado nzima. Spika iliyofungwa kwa skrubu na kubeba betri ya duara ya aina ya 18650, yaani yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, fundi wa simu anaweza kuifungua na kuiwekea nyingine. Iliyogandishwa kwa gundi huwa taka, katika kisiwa kilichozungukwa na maji ambayo sehemu yake imekuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995. Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi aigeuze chini juu na kuzitafuta skrubu hizo, akikumbuka kwamba mara nyingine hufichwa chini ya vimiguu vya mpira.