Kipimo cha Kiwanda na Haki ya Mwenye Mashine

Mwaka 1998 Intel iliuza prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, iliyopewa kasi ya megahezi 300. Wachezaji wa gemu wakagundua kwamba mapigo ya njia yake ya data yakipandishwa kutoka megahezi 66 hadi 100, prosesa hiyo hiyo hukimbia kwa megahezi 450, na nyingi zilistahimili. Tangu hapo kuna swali linalomhusu pia kijana wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria, anayetaka gemu isikwamekwame kwenye kompyuta ya mtumba: namba aliyoiandika mtengenezaji ina mamlaka gani juu ya mwenye mali?

Namba hiyo si mpaka wa maumbile. Vipande vinavyotoka kwenye sahani moja ya silikoni havilingani uwezo, hivyo kiwanda huvipima na kuvipanga kwa madaraja. Kipimo cha daraja lazima kikifae hata kipande kilicho dhaifu kuliko vyote vya daraja hilo, penye joto na vumbi, kwa miaka. Ni ahadi kwa wanunuzi ambao kiwanda hakitawaona kamwe. Anayekivuka kipimo hatendi dhambi. Anaichukua ile ahadi na kuibeba yeye, na ndiyo sababu dhamana hukatika.

Kuibeba kuna kazi. Umeme unaoliwa huongezeka sambamba na kasi, lakini kwa mraba wa volti: volti ikipanda asilimia 10, joto huongezeka kwa asilimia 21 hivi, kasi yenyewe ikiwa bado haijaguswa. Usenge, alasiri hukaribia nyuzi 30, na hewa ya zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kwa hiyo feni ya Usenge huondoa joto pungufu kidogo kuliko feni ile ile ikiwa pwani. Basi mwenye busara hupandisha kasi hatua kwa hatua, huacha volti iwe ya mwisho kuguswa, huibana prosesa kwa programu ya majaribio saa kadhaa huku akifuatilia joto (prosesa nyingi za Ryzen 7000 hujipunguza kasi zifikapo nyuzi 95), kisha hurudi hatua moja nyuma. Hata watengenezaji huteleza: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba volti iliyozidi ilikuwa ikizichakaza baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14, ikaongeza dhamana kwa miaka 2.

Ziwani sheria ni nyingine. Samaki aina ya mbuta wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na kanuni haiulizi kama huyu mmoja wa sentimita 48 ameshazaa. Mvuvi anaweza kuwa na hakika juu ya samaki wake na bado akakosea kumchukua, kwa kuwa ziwa ni la wote. Kompyuta ya chumbani ni ya mtu mmoja, na hasara yake ni yake.

Ugumu unaanza pale mashine inapotumikia wengine. Mwanafalsafa Hans Jonas, katika kitabu chake cha 1979 juu ya wajibu, alihoji haki ya mtu kuweka dauni kilicho cha wengine. Prosesa iliyosukumwa mno si lazima izime. Huweza kukosea hesabu kimyakimya na kuharibu faili bila onyo lolote. Usiku, hiyo ni mechi iliyopotea. Mchana, ikiwa mashine hiyo hiyo iko kwenye kibanda cha huduma, ikijaza fomu za serikali kwenye eCitizen na kutunza daftari la chama cha akina mama, ni amana ya watu.

Juu ya amana, mfano wa talanta katika Mathayo 25 hutumiwa sana kusifu ujasiri, na ni kweli mtumwa aliyefukia fedha alikemewa. Lakini wale wawili waliosifiwa walirudisha mtaji mzima pamoja na faida, na mtaji ulikuwa wa bwana wao. Mwenye kibanda ana njia rahisi ya kuwaheshimu wote: bodi nyingi za kompyuta huhifadhi mipangilio zaidi ya mmoja. Ule wa gemu uwe wa usiku, na asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia na kitambulisho chake, mashine iwashwe upya kwa kipimo cha kiwandani.