Bahari Haina Orodha

Mama alipolazwa mwaka jana, jamaa walifungua kundi la WhatsApp la mchango. Kila jioni orodha ilirushwa upya: jina, kiasi, jina, kiasi. Mama akapona, lakini orodha ikanibaki kichwani. Mtu akinipigia simu, nilikumbuka kiasi chake kabla ya salamu. Kwa hivyo nilipopata kimashua cha tanga pale Kilifi, niliapa kukishusha majini peke yangu. Angalau kitu kimoja nisidaiwe.

Na inawezekana, si uongo. Mashua huibebi, unaitembeza: unasogeza omo kidogo, unazunguka nyuma, unasogeza tezi kidogo. Chini unapanga magogo ya mviringo. Lile linalobaki nyuma unalirudisha mbele. Ukichoka, unangoja. Maji hupwa kwa muda wa kama saa sita, kisha hujaa kwa muda kama huo, na kile kilichokutoa jasho huelea chenyewe.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliniuliza, "Mwanangu, nije?"

"Ahsante mzee, nimeweza."

Nilingoja maji, nikaondoka nikijiona huru kabisa. Bahari ilikuwa imenisaidia bure, na bahari haina orodha.

Jioni upepo ulikata. Nilirudi kwa kasia, mabega yakiwaka, giza likiingia. Yule mzee bado alikuwa ufukweni, nyavu zimekunjwa zamani.

"Nilikuwa natazama tanga lako," akasema, kisha akaenda zake.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipoharibika. Bahari hainidai, kweli, lakini nisingerudi isingenitafuta. Mzee niliyemkataa ndiye aliyejua kwamba nimetoka.

Wapo wanaokusaidia ili wakutawale, hao siwatetei. Lakini nilikuwa nimewatia wote kapu moja. Neno harambee, lililoandikwa kwenye nembo ya taifa letu, ni wito wa watu wanaovuta kitu kizito pamoja. Sisi tumelizoea kama jina la kuchangisha pesa, tukasahau kwamba anayevuta kamba nawe anajua pia uko wapi. Ile orodha niliyoiogopa ilikuwa, pengine, majina ya watu ambao wangeuliza, "Mbona huyu haonekani?"

Kesho yake nilifika maji yakiwa bado mbali. Ningeweza kungoja.

"Mzee," nikaita, "nishikie huku nyuma."