Nilichana Kitabu cha Madeni

Maandiko: Luka 16:1–8, Mathayo 6:1–4

Jumapili iliyopita mchungaji alitufundisha juu ya yule wakili dhalimu. Watu walicheka kusikia jinsi alivyowaita wadeni wa bwana wake, huyu akapunguziwa mafuta, yule akapunguziwa ngano, ili akifukuzwa kazi apate nyumba za kumpokea. Mimi sikucheka. Nilijiona.

Wengi mnajua nina duka hapa Pap Onditi. Ni unga, sukari, sabuni na mafuta ya taa. Mwaka wa 2022 niligombea kiti cha MCA, yaani mwakilishi wadi, kama mgombea huru. Katiba inataka mgombea huru aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi yake. Sahihi nyingi nilizipata hapo hapo dukani, watu wakija kununua unga. Nia yangu ilikuwa safi, ama niliamini hivyo. Bunge la kaunti ndilo linalopitisha sheria za ushuru wa soko na leseni za biashara, na pia bajeti ya zahanati na chekechea. Nikasema, anayelipa ushuru kila wiki anajua unauma wapi, basi aende akaseme.

Shida ilianza na kitabu. Duka la kijijini bila kitabu cha madeni haliwezi kuendelea. Kura ilipokaribia, kijana aliyenisaidia kampeni akaniambia, "Mzee, wenzako wanagawa mia mbili mbili. Wewe pesa huna, lakini kitabu unacho. Kichane mbele ya watu."

Siku ya soko nikasimama nje ya duka. Nikasema Bwana alitufundisha kuwasamehe wadeni wetu, nikakichana. Kina mama walipiga vigelegele. Nililia, na machozi yalikuwa ya kweli.

Lakini kuna kitu sikuwaambia. Usiku uliotangulia niliketi na taa, nikanakili kwenye karatasi madeni ya wateja wasiopiga kura katika wadi yetu. Mmoja alitoka ng'ambo ya Sondu, upande wa Kericho. Alikuwa na watoto, na shida zake zilikuwa zile zile za jirani zangu. Lakini lake nililiandika upya vizuri, hadi shilingi ya mwisho.

Karatasi hiyo ndiyo iliyonihukumu. Huruma haiulizi mtu amejiandikisha kupiga kura kituo gani.

Nikashindwa. Wiki mbili baadaye akaja mjane mmoja mzee, ambaye deni lake lilikuwa katika kile kitabu. Akafungua leso, akatoa shilingi 200. "Nyathina," akaniambia, "umeshindwa, na mimi sina amani. Nyingine nitaleta polepole."

Nikamwambia, "Mama, deni lilikwisha."

Akasema, "Lingeisha kama ungeshinda."

Wapendwa, hapo nilikosa la kujibu. Deni sikuwa nimelifuta. Nilikuwa nimelitoa kwenye kitabu chenye hesabu, ambacho mtu anaweza kulipa akamaliza, nikalitia kwenye kitabu kisicho na mwisho. Kama ningeshinda, huyo mama angeniuliza vipi kuhusu dawa kukosekana zahanati? Angenyamaza, kwa sababu alikula unga wangu. Kura ni haki yake ya kuniuliza maswali, na mimi niliinunua kabla hajaitumia.

Kuna mpendwa nilimsimulia haya akanipinga. "Ndugu, njaa si mahubiri. Viongozi tunawaona wakati wa kura tu, wacha watu wale." Maneno yake yana ukweli, na sitaki kuyapuuza. Unga uliliwa, na watoto walilala wameshiba. Lakini tupige hesabu pamoja. Shilingi 200 ukizigawanya kwa miezi 60 ya kipindi kimoja, ni kama shilingi tatu kwa mwezi. Njaa inayotufanya tuuze kwa bei hiyo ndiyo hiyo hiyo atakayetununua hatakuwa na sababu ya kuiondoa. Tena Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inamshika mtoaji na mpokeaji pia.

Na sisi kanisani tusijifiche nyuma ya wanasiasa. Mgombea akija na bahasha nene, tunampa kipaza sauti. Akija na mia moja, tunamwambia aketi. Tofauti yetu na yule mama wa leso ni gani? Yeye angalau alirudi kulipa.

Sisemi mfanyabiashara aliyeokoka asigombee. Anaweza, na akiwa mwaminifu katika vipimo vya gorogoro atatufaa kwenye bajeti. Nasema ajipime. Yesu alisema sadaka itolewe mkono wa kushoto usijue. Basi kabla ya kusamehe au kutoa, jiulize: ningemfanyia hivi mtu asiyeweza kunipigia kura? Ningefanya kama hakuna anayeniona? Kama jibu ni hapana, hiyo ni biashara, hata ukiifungua kwa maombi.

Zile shilingi 200 nilizichukua. Ilikuwa ngumu kuliko kuzikataa, lakini niliona nikikataa nitaendelea kumshika. Alipomaliza kulipa nikampa risiti, akaikunja akaiweka kwenye leso, na siku hiyo aliniuliza kwa sauti kwa nini sukari yangu ni ghali. Nilifurahi. Kisha nikavuka kwenda ng'ambo ya Sondu na ile karatasi, nikampa mwenyewe aichane.

Tarehe 10 Agosti 2027 tutapiga kura tena. Wako watakaogombea kati yetu, na wako watakaoletewa kitu. Mungu atusaidie sote. Amina.