Ghala Moja au Milango Mingi?

Katika Sura Yusuf mna mashauri mawili ambayo kwa mtazamo wa haraka yanapingana. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, anamwomba mfalme amweke juu ya hazina za nchi (aya ya 55). Baadaye baba yake, Nabii Yaakub, anawausia wanawe wasiingie kwa mlango mmoja bali kwa milango mbalimbali (aya ya 67). Mmoja anakusanya, mwingine anatawanya. Wafasiri wengi wanasema Yaakub alichelea jicho la hasidi. Hata hivyo mimi huzikumbuka aya hizi kila nisikiapo mjadala wa taarifa zetu: zikusanywe katika ghala moja kubwa, au zibaki katika kila ofisi iliyozipokea, kisha ofisi hizo ziunganishwe?

Swali hili si la mafundi wa kompyuta peke yao. Hapa Uganda, bila Ndaga Muntu husajili laini ya simu, na mzee hupata shida kupokea fedha za SAGE. Mwaka 2021 watafiti wa haki za binadamu walieleza jinsi wazee na wajawazito walivyokosa huduma kwa sababu ya kitambulisho hicho. Mlango ukiwa mmoja nao ukafungwa, mtu hubaki nje ya kila kitu.

Wanaotetea ghala moja wana hoja ya kweli. Mtawanyiko humchosha maskini: nakala hapa, muhuri kule, nauli ya boda kila safari. Sayyidna Umar alianzisha diwani, daftari la majina, ili kila mwenye haki apate fungu lake. Asiyeandikwa husahaulika.

Lakini taarifa si nafaka. Gunia likiibwa ghalani, pengo huonekana. Taarifa ikinakiliwa hubaki palepale, na mwenyewe hana habari. Kwa hiyo ghala la Yusuf halihalalishi kila ghala. Tena yeye alitaja sifa zake mbili, mlinzi na mjuzi, na ulinzi ukatangulia ujuzi.

Sura Nisaa (58) inatuamuru kurudisha amana kwa wenyewe, na Sura Hujurat (12) inakataza kupelelezana. Mgonjwa aliyemweleza daktari siri yake hakuieleza serikali nzima; aliitoa kwa kusudi maalumu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 nayo inaifunga taarifa na kusudi lake. Estonia, tangu 2001, hutumia mfumo wa X-Road: taarifa hukaa katika taasisi yake, taasisi nyingine huuliza inapohitaji, na raia anaweza kuona nani aliulizia habari zake. Kwetu NITA-U ina UGhub, jukwaa la kuunganisha mifumo ya taasisi za serikali.

Mimi naegemea milango mingi, kwa sharti moja: kila mlango uwe na bawabu. Nani anaingia, anataka nini, na mwenye taarifa atajuaje? Milango iliyoachwa wazi ni ghala lilelile, tena lisilo na mlinzi.

Tuanze na jumuiya zetu. Huwa tunaandika waliosilimu, wanaostahiki zaka, wenye madeni ya ada. Tuseme orodha zote zimewekwa katika faili moja mtandaoni, na kiungo chake kikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la viongozi. Humo yumo dada aliyesilimu na nyumbani kwao hawajui. Hakuna aliyeiba kitu, lakini siri yake sasa iko kwenye simu za watu ambao yeye hakuwaamini. Mweka hazina anahitaji kujua nani apewe zaka. Hahitaji kujua nani kasilimu lini.

Basi uongozi unapobadilishana mwaka huu, kila anayetoka afungue simu yake, aangalie majina ya nani bado anayo, na kwa kusudi gani. Yaliyokwisha kazi ayafute. Wallahu a'lam.