Paka wa Jalalani



Ukimwokota paka jalalani, usimwachie nyumba nzima siku ile ile. Mpe chumba kimoja, maji, chakula, mchanga wa kujisaidia na boksi la kujificha. Bwana mifugo amchanje kichaa cha mbwa. Kisha ngoja. Pengine atakaa uvunguni siku nyingi, akila usiku tu. Huo si utovu wa shukrani, ni woga wa mawe aliyopigwa. Bwana wetu hubisha mlangoni, havunji komeo. Nasi je, yule mgeni akaaye benchi la nyuma, atokaye kabla ya baraka, tumemwita mara ngapi mwenye kiburi?

Basi usimvute paka kwa mkono. Keti sakafuni, soma Zaburi zako kwa sauti ya chini, aizoee. (Watoto waonywe mapema!) Akija mwenyewe kujisugua mguuni, ndipo umguse.